Wiki nane na huduma ya kutafutia riwaya wasomaji wa kwanza: nyota tatu, na zinatoka wapi

Waandishi wenzangu mnaochapa wenyewe, hii naiandika kwa sababu kabla sijalipia nilihangaika sana kumtafuta mtu aliyeshatumia huduma ya namna hii anieleze imemfaa wapi na imemwangusha wapi, sikumpata, nikaishia kusoma sifa za wenye biashara wenyewe. Nimeitumia wiki nane kwa riwaya yangu ya kwanza, kwa hela yangu. Nawapa nyota tatu kati ya tano, ila msiishie hapo kwenye nyota maana zile tatu zimetoka upande mmoja wa huduma na mbili zimepotelea upande mwingine kabisa, na ukishajua upi ni upi unaweza ukalipia kidogo tu na ukapata karibu kila kitu cha maana walichonacho.

Kwa ambaye hajawahi kuzisikia, hizi ni huduma za kugawa nakala za awali. Unapakia faili la riwaya kabla haijatoka, unaweka kava na maelezo mafupi, unachagua ni hadithi ya aina gani, wasomaji waliojisajili kule wanaiona, anayevutiwa anaomba, wewe unamkubali au unamkatalia, ukimkubali anapata linki anadaunlodi bure, halafu anategemewa (hategemewi kwa lazima, hilo ntalirudia) aandike rivyu, yaani maoni yake ya hadharani mtandaoni, kitabu kikishatoka. Wako wengi kwenye kazi hii. NetGalley wapo tangu 2008 na kule unakuta hadi wakutubi na wauza vitabu wanaomba nakala, BookFunnel walianza 2015 na nguvu yao ni kufikisha faili salama kwa msomaji. Mimi nilienda kwa kampuni nyingine ndogo zaidi ambayo jina lake naliacha, ninachotaka mkione ni mfumo wenyewe maana hizi ndogo ndogo zinafanana mno.

Nilifika kwao nikiwa nimeshachoka. Riwaya imenichukua miaka mitatu, inahusu dada wawili na daftari aliloacha mama yao, nilimlipa mhariri, nikatengenezewa kava zuri, nikatangaza kwenye kurasa zangu zote na watu wakanimiminia hongera siku nzima. Nikajua basi, hawa ndo wasomaji wenyewe. Nikauliza nani yuko tayari kuisoma kabla haijatoka, wakajitokeza 18, nikawatumia kwa imeili mmoja mmoja. Mwezi umeisha waliomaliza ni wawili na mmoja wao ni dada yangu wa damu. Siwalaumu hata kidogo, mtu anakupa hongera kwa sababu anakupenda wewe, na mtu anaweza akakupenda vizuri tu na asiwe msomaji wa riwaya za kurasa 300. Tena hata wangeimaliza wote wasingeweza kunisaidia pale Amazon kwa sababu kanuni zao zinakataza rivyu za ndugu na marafiki wa karibu wa mwandishi, wakizigundua wanaziondoa. Kwa hiyo nilichokuwa nahitaji ni watu wasionijua kabisa lakini wanaopenda hadithi za aina ninayoandika, na hao kwenye simu yangu sikuwa nao.

Kujisajili ni rahisi, dakika ishirini umemaliza. Ila pale kwenye fomu kuna sehemu moja ambayo niliichukulia poa na kama kuna kitu kimoja tu mtakachobeba kwenye maelezo yangu haya naomba kiwe hicho, ni ile sehemu ya kutiki aina ya hadithi. Wanakuruhusu kutiki hadi tatu. Nikatiki familia, nikatiki taharuki, halafu nikaona kwenye mtandao wao wasomaji wa mapenzi ndo wengi kuliko wote nikasema si na mimi kuna mapenzi humu ndani, nikatiki. Ni kweli kwenye riwaya yangu kuna mapenzi lakini wale wapenzi wanaachana na hawarudiani. Sasa msomaji wa mapenzi ana makubaliano yake na kitabu, yuko tayari kuteseka kurasa 250 kwa sababu anajua mwishoni watapatana, ukimnyima hilo umemvunjia ahadi hata kama sentensi zako ni tamu kiasi gani. Siku kumi za kwanza yakaja maombi 61, zaidi ya nusu wapenzi wa mapenzi. Nikakubali wote. Furaha niliyokuwa nayo siku hizo sijui niielezeje, nilikuwa nafungua dashibodi kila baada ya nusu saa.

Kati ya hao 61 waliodaunlodi ni 44. Dashibodi inakuonyesha hiyo namba kubwa kabisa, imekolezwa rangi ya kijani, na hapo ndipo ilipoanza kunichanganya akili maana mimi nikawa naisoma 44 kama watu 44 wanaosoma. Wiki ya tatu inaingia, kimya. Waliojitokeza wenyewe bila kuulizwa ni 13 tu, tisa wameimaliza na wameipenda, mmoja akaomba radhi kwamba amepata msiba hataweza, na watatu ni wale wa mapenzi ambao kwa ustaarabu kabisa waliniambia wamejisikia kudanganywa. Walikuwa na haki. Nilikaa na hizo jumbe tatu jioni nzima, halafu nikaenda kuondoa tiki ya mapenzi na nikaandika upya maelezo ya kitabu, sentensi ya kwanza ikawa inahusu daftari la mama badala ya yule kijana wa kwenye basi. Maombi yakashuka hapo hapo kutoka sita kwa siku mpaka matatu manne kwa wiki. Lakini hao walioomba baada ya hapo walikuwa watu wengine kabisa, unaona tu hata kwenye ujumbe wao wa kuomba, mtu anataja kwamba na yeye ana dada waliyegombana, mwingine anasema anasoma kila hadithi yenye barua za zamani. Huyo hata hujamkubali unajua atasoma.

Nije kwenye sifa sasa, kwa sababu wanazo na sitaki kuwaonea.

Kufikisha faili, hapo hawa watu wanajua kazi yao na nyota zangu mbili kati ya tatu ni za hapo. Mwandishi ambaye hajawahi kutuma kitabu kwa imeili hajui adha yake. Wale 18 wangu wa mwanzo nusu hawakuweza hata kulifungua, huyu niliyemtumia PDF anasema kwenye simu maandishi madogo kama sisimizi, huyu wa epub (aina ya faili la vitabu vya kielektroniki) anaambiwa simu yake haitambui faili, mwenye Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea, hajui aliingizeje. Nilikuwa nimegeuka fundi badala ya mwandishi. Kwa hawa jamaa msomaji akibonyeza linki anaulizwa anatumia kifaa gani, anapewa faili linalofaa na maelekezo hatua kwa hatua, na mwenye Kindle anaelekezwa kulituma epub lenyewe kwa Send to Kindle, ambayo tangu 2022 inaipokea epub moja kwa moja bila ile kazi ya kulibadilisha kwanza. Akikwama anaandikia wao sio mimi. Kati ya waliodaunlodi hakuna hata mmoja aliyenitafuta kwa tatizo la kufungua. Halafu kila nakala inawekewa alama ya aliyeichukua, imeili yake inaonekana kwenye ukurasa wa mwanzo, kwa hiyo mtu anasita kuisambaza ovyo. Haizuii wizi kabisa, nani asiyejua, lakini inamkumbusha mtu kwamba amepewa kwa kuaminiwa.

Nyota ya tatu ni ya vikumbusho. Mfumo wao unamwandikia msomaji imeili wiki mbili baada ya kudaunlodi, halafu siku kitabu kinapotoka, na maneno unaruhusiwa kuyaandika mwenyewe. Angalizo tu, wanakuomba uweke anwani yako ya imeili kama mtumaji na mimi niliweka ya bure ile ya kawaida, vikumbusho vya kwanza vikaenda kulala kwenye spamu za watu. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wamekaza, imeili zinazotumwa kwa wingi lazima zithibitishwe kwamba kweli zimetoka kwenye hiyo anwani, na anwani ya bure ikitumwa kupitia mtambo wa mtu mwingine haithibitishiki. Nikanunua kikoa changu, yaani jina langu mwenyewe la mtandaoni linalokaa mwisho wa anwani ya imeili, na kukiunganisha kama maelekezo yao yalivyosema, na yaliandikwa vizuri, vikumbusho vya pili vikaanza kujibiwa siku ile ile. Fanya hili kabla hujapakia kitabu, usisubiri kama mimi.

Sasa nyota zilizopotea. Ya kwanza imepotelea kwenye kitu ambacho naona ndo kingekuwa kazi kubwa kuliko zote ya huduma kama hii.

Wiki hiyo ya tatu nilikuwa na watu 31 waliodaunlodi na kunyamaza. Kwenye mfumo wao kuna fomu ya maoni, nzuri, ina nyota na nafasi ya kuandika, lakini inamfikia yule tu aliyebonyeza kwamba amemaliza kitabu. Aliyeishia njiani hana pa kusemea. Na mwandishi wa kitabu cha kwanza anamhitaji huyo wa njiani kuliko hata aliyemaliza! Aliyemaliza atakwambia nzuri, hongera, andika nyingine. Wa njiani ndo anajua mlango uliomshinda kufungua. Nikaamua kuwaandikia wote 31 mwenyewe, mmoja mmoja kwa jina, bila kukopi na kubandika. Mwanzo nilitaka kuwauliza umeionaje, nikafuta, maana umeionaje ni swali linalomlazimisha mtu mstaarabu akusifie. Nikauliza kitu kimoja, umefika sura ya ngapi? Nikaongeza kwamba hata kama ameiacha sitaudhika, nataka tu kujua ameiachia wapi ili nirekebishe kabla haijatoka.

Wakajibu 19. Watatu walikuwa hawajalifungua kabisa faili, wawili ni wale wa mapenzi walioona dalili mapema wakakimbia, watatu wameachia sehemu tofauti tofauti. Na 11 wote wameishia sura ya nne. Kumi na moja! Watu wasiojuana, wasiojua kama kuna wengine, wote mlango mmoja.

Ile sura ya nne nilikuwa naipenda kuliko zote. Ni historia ya nyumba, nani aliijenga, chumba gani alizaliwa nani, kurasa 26, mhariri wangu alishawahi kunigusia kwamba ni ndefu nikamwambia ndo moyo wa kitabu. Tatizo ni kwamba sura ya tatu inaisha dada mdogo amefungua daftari na ameona jina asilolijua, halafu mimi namwacha pale na daftari lake mkononi naenda kueleza tofali ziliunguzwa wapi. Mmoja wa wale 11 alinieleza kwamba alikuwa anafunua kurasa kumtafuta yule dada, akalala, kesho yake hakurudi tena. Sikuwa na la kujibu. Nikaivunja ile sura, kurasa tisa zikabaki na nikazisogeza baada ya sura ya saba ambapo msomaji ameshaanza mwenyewe kujiuliza kuhusu nyumba, vipande vingine vinne nikavitia kwenye mazungumzo ya shangazi, zilizobaki nikazitoa na nimezihifadhi. Imenichukua siku kumi na moja. Nikapakia faili jipya, mfumo unaruhusu kubadilisha bila kubadili linki na hilo nawashukuru, nikaendelea kupokea yale maombi machache ya watu sahihi. Mpaka siku ya kutoka nikawa nimekubali wengine 22, wakadaunlodi 20, na waliomaliza ni 14. Linganisheni hiyo 14 kati ya 20 na ile tisa kati ya 44 ya mwanzo. Ni riwaya ile ile, mwandishi yule yule, bei ya huduma ile ile.

Nimeirefusha hii kwa sababu ndipo thamani yote ilipokuwa, na huduma haikuniongoza kufika hapo, nilifika kwa kuzunguka mfumo wao na kuandika imeili kwa mkono. Kama wangeweka swali moja tu la umeishia wapi wangekuwa na nyota nne kwangu leo hii.

Nyota ya pili imepotea kwenye kifurushi cha promo na hapa niliumia. Wiki ya sita wanakuletea ofa, wanasema watakitangaza kitabu chako kwenye jarida lao la imeili linalowafikia maelfu ya wasomaji na kwenye kurasa zao. Bei yake ni mara tatu ya ada ya mwezi. Nikalipa. Siku ilipofika nikalifungua jarida lenyewe, kitabu changu ni cha tisa kati ya 15, juu yake kuna kitabu cha kupunguza uzito na chini yake kuna cha majoka na mapanga. Vyote vinakwenda kwa watu wote. Nikapata mibonyezo 212, waliodaunlodi tisa (hawa sikuwahesabu kwenye wale 20), na kati ya hao tisa hakuna hata mmoja aliyeandika kitu mpaka leo. Niliwaandikia huduma kwa wateja kuuliza kama jarida lao limegawanywa kwa aina ya hadithi, jibu lilikuja siku ya sita na lilikuwa maneno ya jumla kuhusu umuhimu wa kujitangaza. Lingekuwa jibu la hapana tu ningelipokea vizuri zaidi.

Tangazo la imeili lenyewe sio jambo baya, msinielewe vibaya. BookBub wanafanya hivyo hivyo tangu 2012 na waandishi wanapanga foleni, lakini tazama wanavyofanya, msomaji akijisajili anachagua aina anazopenda na anatumiwa hizo tu, kitabu kinapita kwa wahariri wanaokataa vingi, na lazima kiwe kimepunguzwa bei angalau nusu au ni bure. Yaani mtu akiifungua ile imeili anajua kilichomo kinamhusu. Goodreads, ule mtandao wa wasomaji wa vitabu, nao wana bahati nasibu yao ya vitabu ambayo tangu Januari 2018 mwandishi analipia kuiendesha, unaweza kutoa hadi nakala 100 za Kindle, na kila anayeingia kitabu kinakaa chenyewe kwenye rafu yake ya anavyotaka kusoma hivyo marafiki zake wanakiona. Inasaidia kuonekana kwa nchi ambazo wasomaji wake wanaruhusiwa kuingia. Lakini hata hapo mtu amekitaka, hajakisoma, na mwandishi anayeanza akiangalia hiyo rafu imejaa anaweza akapata furaha kama yangu ya ile 44 ya kijani.

Kuhusu rivyu zenyewe kuna mambo huduma iliyaficha kwenye maandishi madogo na nadhani ilipaswa kuyaweka mbele. Kutoa nakala ya bure ya kitabu ukiwa na matumaini ya kupata rivyu inaruhusiwa Amazon, walipopiga marufuku rivyu za bidhaa za bure mwaka 2016 vitabu waliviacha, ila masharti ni kwamba usimlazimishe mtu, usimpe kitu kingine cha ziada, wala usijaribu kuisogeza hiyo rivyu iwe nzuri. Kubadilishana, yaani mimi nisome chako uniandikie changu, hairuhusiwi. Kwa hiyo huduma yoyote inayokuahidi idadi kamili ya rivyu au nyota ikimbie, akaunti yako ndo itakayoungua sio yao. Hawa wangu hawakuahidi hivyo, nawapa heshima yao. Ila hawakuniambia kwamba pale amazon.com msomaji lazima awe ameshanunua vitu vya angalau dola 50 ndani ya miezi 12 ndo aruhusiwe kuandika, na watano kati ya wasomaji wangu bora, waliokwisha niandikia mimi aya tatu tatu za maoni, walipokwenda wakakuta mlango umefungwa. Wakaweka Goodreads. Pia kitabu kikiwa bado kwenye oda ya awali msomaji wa kawaida hawezi kuweka rivyu Amazon, anasubiri siku ya kutoka, na siku hiyo kama hukumkumbusha ameshaanza kitabu kingine. Ndo maana kile kikumbusho cha pili ni muhimu kuliko cha kwanza.

Na kuna hili la KDP Select, mpango wa Amazon wa kuwapa wao peke yao kitabu chako cha kielektroniki, wanaotaka kuingia Kindle Unlimited, ile maktaba yao ya kulipia kwa mwezi, wanisikilize. Ukiingia umefungwa siku 90, toleo la kielektroniki halitakiwi kupatikana popote pengine, bure au kwa hela, isipokuwa kionjo kisichozidi asilimia 10. Kitabu cha karatasi hakihusiki. Maana yake ule ukurasa wa nakala za awali lazima uwe umefungwa kabla hujaingia. Mimi nilibonyeza kufunga siku nne kabla, nikapata ujumbe kwamba umefungwa, halafu jioni ya kuamkia kutoka nikajaribu linki kwa simu ya mtu mwingine na faili likashuka vizuri kabisa. Nilitetemeka. Hapo huduma kwa wateja walijibu ndani ya saa mbili na wakaufunga kweli, wakaomba radhi, lakini nisingejaribu ningekuwa nimevunja mkataba bila kujua. Jaribuni linki zenu wenyewe jamani, kwa kifaa ambacho hakijaingia kwenye akaunti yenu.

Sasa ni miezi miwili tangu kitoke. Nina rivyu 8 Amazon na 12 Goodreads, tatu kati yake ni za nyota mbili na ni wale wa mapenzi, sitaki ziondoke kwa sababu zinaeleza ukweli kwamba wapenzi hawarudiani na msomaji mwingine wa mapenzi akizisoma atajua kitabu sio chake. Zilizobaki zinaongelea dada wawili, daftari, na nyumba. Mmoja ameandika kwamba sehemu ya nyumba ndo aliyoipenda zaidi na nilivyosoma hiyo nikanyanyuka kwenye kiti.

Nani atumie? Kama una riwaya iliyohaririwa, unajua kwa uhakika ni ya aina gani, huna listi yako ya imeili, na una muda wa kuandikia watu mmoja mmoja, lipia kifurushi cha chini kwa miezi miwili, kubali watu wachache, usome ujumbe wa kila anayeomba. Cha promo kiache. Kama una wasomaji wako tayari hata 15 tu wa kweli huwahitaji hawa, chukua huduma ya kufikisha faili peke yake inakutosha. Na kama kitabu bado hakijapita kwa mhariri subiri, hawa watu wa kwanza hawarudi mara ya pili kirahisi.

Mimi kwa kitabu cha pili sirudi kwenye kifurushi kizima. Nina watu 24 walioimaliza ya kwanza, niliwaomba ruhusa niwaweke kwenye listi yangu mwenyewe, 16 wakakubali. Rasimu inawafikia wiki ijayo ikiwa na maswali matatu kila baada ya sura tano, umeamua kuendelea au kuacha, ulikuwa unasubiri nini kitokee, na kuna mtu unayemjua ambaye ungempa hii asome. La tatu nimeliongeza kwa sababu ya yule aliyelala akimtafuta dada kwenye sura ya nne. Nilipopakia faili jipya nilimwandikia kwamba dada amerudi, akalichukua tena, akalimaliza kwa siku mbili, halafu akanitumia anwani za wenzake wanne anaosoma nao vitabu, wote walioafiki. Wanne hao hawajapitia huduma yoyote na wote wameshamaliza.